Udongo wa Athi na Uhai wa Bahari



Mwaka 2002, meli kuukuu ya kubeba ng'ombe, MV Dania, ilizamishwa makusudi karibu na Bamburi, Mombasa. Leo wapiga mbizi wenye mitungi ya hewa huikuta imeota matumbawe, samaki wakiishi ndani yake. Matumbawe hutaka kitu kigumu cha kushikia na maji safi. Tope likiyafunika, hufa.

Mto Athi, mpaka wa Kitui na Makueni, huitwa Sabaki unapoingia baharini kaskazini mwa Malindi. Mvua kubwa hubeba udongo wa mashamba hadi huko. Matuta ya fanya juu yachimbwe, nyasi zipandwe kingoni, kabla ya mvua za Oktoba. Mkulima atabaki na rutuba, mvuvi na samaki.