Mshauri wa Wanafunzi Naye Apate wa Kumsikiliza

Ndugu zetu wa Musoma, Bunda na Butiama,

Tangu waraka wa Wizara ya Elimu wa mwaka 2002, shule zatakiwa kuwa na walimu wa ushauri na unasihi. Ni jambo jema. Lakini mshauri huyo ni nani? Aghalabu ni mwalimu yule yule wa Hisabati au Kiswahili, mwenye vipindi vyake na madaftari ya kusahihisha, kisha akaongezewa siri za watoto.

Na siri za mkoa wetu ni nzito. Sheria ya 1998 iliharamisha kuwakeketa wasichana walio chini ya miaka 18. Hata hivyo, likizo ya Desemba inapokaribia, hutokea binti akamjia mwalimu akitetemeka, hataki kurudi nyumbani. Mwalimu amwambie nini, naye hakufunzwa kazi hiyo ipasavyo? Akinyamaza, dhamiri humsuta. Akisema, wazee humwona adui. Mwishowe moyo huchoka, akajiona hafai, akaanza kuwakwepa wanafunzi. Sisi hatumwiti mvivu. Amebebeshwa amana peke yake.

Twawaomba wakuu wa shule wampunguzie vipindi, na wamkutanishe na afisa ustawi wa jamii kabla ya Desemba, si baada yake. Nasi wazazi, akija kutuuliza habari za binti, tumfungulie mlango.