Jina Ambalo Sheria Haikumpa

Asubuhi hii twataka kuzungumza juu ya mtoto ambaye wengi wetu twamfahamu, ingawa hatupendi sana kumtaja. Ni yule aliyekamatwa akiiba sokoni, au yule aliyeokotwa stendi akilala chini ya kibanda, akafikishwa kortini, na korti ikampeleka katika shule ya kurekebisha tabia. Sasa muda wake umekwisha, naye amerudi nyumbani.

Liko jambo moja katika sheria yetu ya Kenya ambalo wengi hawalijui. Sheria ya Watoto ya mwaka 2001 ilikataza maneno mawili yasitumiwe juu ya mtoto aliyefikishwa mbele ya Korti ya Watoto: kwamba ametiwa hatiani, na kwamba amehukumiwa. Sheria mpya ya mwaka 2022 imelishika jambo hilo hilo, tena ikapandisha umri wa mtoto kuweza kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi miaka 12. Wala mtoto hawezi kupewa kifungo cha gerezani. Basi huyu kijana wetu, hata kama kweli aliiba, sheria haimwiti mfungwa. Lakini kijijini ataitwa mfungwa kabla hajashuka kwenye matatu.

Tena si wote walioiba. Kwa miaka mingi, chini ya sheria ya zamani, yatima asiye na mlezi na mvulana aliyevunja duka walijikuta katika bweni moja, wakila ugali wa sufuria moja. Mmoja alikuwa amekosa, mwingine alikosewa. Walipotoka nje walipewa jina moja. Hata leo, ingawa jina la shule hizo lilibadilishwa na sheria ya 2001, lile la Kiingereza la zamani bado limo vinywani mwetu, na wazazi hulitumia kuwatishia watoto wasiotaka kulala.

Wasikilizaji wenye umri mkubwa watakumbuka Wamumu, kule Mwea. Katika miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, wavulana waliokamatwa waliwekwa kambini hapo, na pale pale wakafundishwa masomo na kazi za mikono. Geoffrey Griffin alikuwa mmoja wa waliofanya kazi Wamumu. Mwaka 1959, pamoja na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu, alianzisha Starehe pale Nairobi kwa ajili ya wavulana waliokuwa wakilala mitaani. Leo mzazi akipata nafasi ya mtoto wake Starehe, huwaita majirani kushangilia. Hatukumbuki tena shule ile ilianza kwa watoto wa namna gani.

Na haki ya kusoma je? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima, wala haikuandika kwamba ni kwa mtoto mwema tu. Kifungu hicho hicho chasema mtoto asifungiwe mahali ila mambo mengine yote yakishindikana, tena kwa muda mfupi uwezekanao. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nayo yakataza shule kumbagua mtoto anayetafuta nafasi. Mzazi asiyempeleka mtoto shuleni aweza kutozwa faini hadi shilingi 100,000, au kufungwa hadi mwaka mmoja, au yote mawili. Twaitaja faini hiyo kwa sababu fulani.

Mwaka 2018 alirudi kwetu mvulana wa miaka 14. Huko alikokuwa alisoma vizuri; hesabu aliziweza kuliko wengi wa darasa la saba. Sisi tulikwenda naye shule ya kwanza, tukiwa na nyanya yake na barua ya afisa wa watoto. Mwalimu mkuu aliisoma barua, akatazama jina la shule alikotoka, akasema madarasa yamejaa. Tulipotoka nje, tulimwona mama mwingine akiingia na mwanawe, na huyo akaandikishwa. Shule ya pili hatukupewa hata kiti. Nyanya alituuliza njiani, "Baba Kasisi, hiyo faini nitaitoa mimi, ama ataitoa huyu aliyenifungia mlango?" Hatukuwa na jibu la kumpa.

Ingekuwa vizuri kama tungeweza kuishia hapo, tukiwalaumu walimu. Lakini Jumapili iliyofuata pesa kidogo zilipotea katika chumba cha sadaka, na kabla mtu hajasema neno, macho yote, na yetu sisi pia, yalikwenda kwa mvulana yule. Jioni mhazini alizikuta ndani ya kitabu cha hesabu, pale alipoziweka mwenyewe. Hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Ilitupasa tuwe wa kwanza, nasi tulichelewa siku tatu.

Mnakijua kisa cha Onesimo. Paulo hakumtuma arudi mikono mitupu. Alimwandikia Filemoni barua, akamwomba ampokee kama ndugu, na kama kuna deni, lidaiwe kwake Paulo. Barua ya afisa wa watoto haikusema hivyo. Ilisema tu mtoto amemaliza muda wake. Tulipokwenda shule ya tatu tulichukua barua ya pili, yenye sahihi zetu na za wazee wawili wa kanisa, kwamba dirisha likivunjika au kitabu kikipotea, sisi ndio tudaiwe. Mwalimu mkuu, mama mmoja mnyamavu, aliisoma mara mbili akaiweka katika faili, kisha akamwuliza mvulana kama anapenda mpira.

Mwaka uliofuata alifanya mtihani wake wa KCPE. Hatujadaiwa dirisha hata moja. Akina mama wa kanisa walimnunulia sare, wakachagua iliyo kubwa kidogo, maana alikuwa bado anakua.