Soma Karatasi Kabla ya Kufungua Chupa
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama wa Kisii na Nyamira)



Kazi yangu ni ya reli huko Kisumu, lakini kwetu ni hapa, na jembe langu liko hapa kama yenu. Leo sitasema habari za mishahara. Nitasema juu ya karatasi iliyobandikwa kwenye chupa ya dawa ya wadudu.

Tangi la petroli likifika stesheni, hatuna haja ya kuuliza limetoka wapi. Twatazama alama nyekundu ya pembe nne yenye picha ya moto, na namba 1203. Alama hiyo ni ile ile Mombasa, Kampala na Dar es Salaam, maana nchi zinafuata kanuni za Umoja wa Mataifa za kusafirisha vitu vya hatari, zilizotolewa kwanza mwaka 1956. Hata asiyejua kusoma huuona moto, akazima sigara yake.

Lakini chupa ya dawa haina umoja huo. Sheria ya Kenya yataka iandikwe Kiingereza na Kiswahili, na iwe na namba ya Bodi ya dawa za wadudu. Tanzania wana mamlaka yao na namba zao. Uganda vilevile, na chupa zao aghalabu huandikwa Kiingereza tu. Chupa nyingine zina mstari wa rangi chini: nyekundu ni sumu kali kabisa, manjano ni sumu ya kati, buluu ni hafifu kuliko hiyo, na kijani ni ya chini. Nyingine zina picha nyeusi ndani ya pembe nne yenye ukingo mwekundu, kwa utaratibu mpya ambao Umoja wa Mataifa uliupitisha mwaka 2002. Kila nchi inauingiza kwa mwendo wake. Na mjue, kijani si maji ya kunywa.

Ndugu zangu, shemeji yangu wa Nyamira alinunua chupa sokoni kwa bei rahisi. Ilikuwa imevuka mpaka wa Busia. Haikuwa na neno moja la Kiswahili wala namba ya Kenya. Yeye husoma Kiswahili na Ekegusii. Akapima kwa kifuniko, kwa kukisia, akapiga dawa mboga zake bila glavu, upepo ukimrudishia usoni. Jioni alitetemeka, jasho na mate yakamtoka, macho yakaona kiza. Tulimkimbiza hospitali, na kwa bahati mtoto aliichukua ile chupa. Daktari aliposoma jina la dawa, alijua la kufanya. Mama yule amepona.

Baadaye niliisoma mwenyewe. Yote yalikuwa yameandikwa: vaa glavu, usisimame mbele ya upepo, ngoja siku 14 kabla ya kuvuna. Lakini yaliandikwa kwa lugha asiyoijua. Na mboga zile zilikuwa ziende sokoni kesho yake, ninyi mzile.

Basi natoa mashauri matatu. Kwanza, tusinunue chupa isiyo na Kiswahili na namba ya Bodi, wala dawa iliyomiminwa katika chupa ya soda. Pili, mtu akidhurika, chupa iende naye hospitali. Tatu, chama chetu kiandikie serikali, na kiwaombe wenzetu wa vyama vya Uganda na Tanzania waandikie zao, ili karatasi ya dawa iwe moja katika Afrika Mashariki yote, na Kiswahili kiwemo.

Ikiwa tangi la petroli laweza kusema lugha moja kutoka pwani mpaka Kampala, chupa ya mkulima itashindwaje?