Malaria: Maswali Ambayo Bado Hayajajibiwa

Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma wa Wilaya za Handeni na Korogwe.



Wako watu wanaodhani kwamba sayansi ni ghala lililojaa majibu, na kwamba mafumbo yaliyosalia yako mbali nasi, huko kwenye nyota au katika vilindi vya bahari. Dhana hiyo si sahihi. Baadhi ya mafumbo makubwa ya elimu ya tiba yamo katika tone la damu ya mtoto wa Mombo au wa Mkata, na baadhi ya watafiti wanaoyachunguza wamefanya kazi yao hapa hapa mkoani Tanga.

Mwaka 1897 Daktari Ronald Ross, akiwa India, alimpasua mbu na kukuta vimelea vya malaria tumboni mwake. Wengi waliona kwamba fumbo limekwisha: mwue mbu, na ugonjwa utatoweka. Tangu hapo imepita zaidi ya karne moja, na malaria ingali nasi. Kwa nini?

Fumbo la kwanza linamhusu mtoto. Watoto wawili wa nyumba moja huumwa na mbu wale wale. Mmoja hupata homa ya siku mbili akapona. Wa pili hushikwa na degedege, akapoteza fahamu, na pengine akafa. Wazee wetu walipoona jambo hilo walisema ni pepo. Tusiwacheke, maana hata wenye darubini hawakuwa na maelezo kamili. Mwaka 1954 Anthony Allison alionyesha kwamba mtoto aliyerithi chembe ya selimundu kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Lakini watoto wengi wasio na urithi huo nao huponyoka.

Mwaka 2012 na 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Copenhagen, akina Thomas Lavstsen na Louise Turner, wakishirikiana na Watanzania akiwamo Daktari John Lusingu, walitoa matokeo yaliyotokana na damu ya watoto waliougua wilayani Korogwe. Waliona kwamba vimelea vilivyomo katika malaria kali aghalabu vina aina maalumu ya protini, ambayo hunata kama kulabu kwenye kuta za mishipa midogo ya damu. Hiyo ni hatua kubwa. Hata hivyo, wapo watoto wenye vimelea vyenye kulabu hizo ambao hawafikii hatua ya kupoteza fahamu. Kipande hicho cha fumbo bado kinatafutwa.

Fumbo la pili linamhusu mbu mwenyewe. Katika kijiji kimoja cha tambarare wilayani Korogwe, Daktari Bruno Mmbando na wenzake walipima damu za watoto mwaka hadi mwaka. Mwaka 2003 takriban watoto 78 katika kila 100 walikuwa na vimelea. Mwaka 2008 walikuwa 13 tu. Vyandarua na dawa bora vilisaidia, bila shaka. Lakini mwaka 2011 watafiti wengine walieleza kwamba katika vijiji vya kaskazini mashariki mwa nchi yetu mbu wa malaria walikuwa wakipungua tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, mahali ambapo hapakuwa na mpango wowote rasmi wa kuwaangamiza. Hata ilipofika mwaka 2009 mitego ilikuwa ikinasa mbu wachache mno. Je, ni mvua zilizobadilika? Ni maradhi ya mbu wenyewe? Ni mashamba na makazi? Watafiti walitaja mvua kuwa huenda ilichangia, lakini hawakudai kwamba jibu limepatikana.

Ndugu zangu, hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi tunaoandika taarifa. Tukiandika kwamba ugonjwa umepungua kwa juhudi zetu peke yake, na kumbe kuna sababu nyingine tusiyoijua, basi siku sababu hiyo itakapoondoka tutakutwa tumelala. Hilo si jambo la kubuni. Katika miaka ya 1950 nyumba za Upare na Taveta zilipuliziwa dawa, malaria ikashuka sana. Upuliziaji ulipokoma, malaria ilirudi.

Fumbo la tatu ni la chanjo. Kuanzia mwaka 2009 hadi 2014 watoto wa Korogwe na wa Bagamoyo walikuwa miongoni mwa watoto 15,459 wa nchi 7 za Afrika walioshiriki majaribio ya chanjo ya RTS,S. Kwa watoto waliopata dozi nne kuanzia umri wa miezi 5 hadi 17, ugonjwa ulipungua kwa asilimia 36 katika muda wa miaka minne hivi. Mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike. Lakini kinga yake hufifia mapema, ilhali chanjo ya surua humlinda mtu kwa miaka mingi. Namna ya kuifanya kinga ya malaria idumu ndilo swali linalowaumiza watafiti vichwa.

Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1979, haiwezi kuyajibu haya peke yake. Inahitaji daftari la zahanati lililojazwa kwa uaminifu, kwa kuwa takwimu ya kubuni huupotosha utafiti mzima. Inahitaji mzazi aliyeelezwa kinaganaga, akakubali au akakataa kwa hiari yake. Na inahitaji mwalimu ambaye, akiulizwa swali gumu na mwanafunzi, hatamnyamazisha, bali atamwambia: "Hilo bado halijulikani. Soma, huenda ukalijibu wewe."

Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kudhani kwamba yote yamekwisha kuulizwa.