Sauti Inayoita: Nyimbo za Vijana Wanaoondoka Nyumbani Katika Mwambao wa Ziwa Victoria



Wimbo wa Kijaluo uliosafiri mbali kuliko mwingine wowote ninaoujua ni "Kothbiro" wa Ayub Ogada. Ulitoka katika albamu En Mana Kuoyo ya mwaka 1993, na mwaka 2005 ukasikika katika filamu The Constant Gardener. Wengi waliousikia huko ng'ambo hawakuelewa hata neno moja, lakini machozi yaliwatoka, wakadhani ni wimbo wa kuagana. Anayeijua lugha anasikia jambo jingine kabisa. Mvua inakuja, na watoto wanaitwa warudishe ng'ombe nyumbani kabla haijawakuta. Hakuna zaidi ya hayo. Na aliyeuimba alikuwa mwenyewe mtu wa safari: alizaliwa Mombasa mwaka 1956, mwaka 1986 akaenda Uingereza, akawa anapiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Wajaluo, katika njia za treni za chini ya ardhi za London, wapita njia wakimtupia sarafu. Kijana aliyeondoka ndiye aliyebeba sauti ya mzazi anayeita. Hatimaye alirudi, akaishi Nyahera, mwendo mfupi tu kutoka mjini hapa Kisumu, na huko ndiko alikofariki Februari 2019.

Naanza naye kwa sababu ndani ya wimbo huo imo hoja yangu yote ya leo. Katika mwambao huu, nyimbo zinazotutoa machozi kuhusu vijana wanaoondoka ni nyimbo za kuita. Ni nadra mno kumkuta mwimbaji wetu akisema nenda salama. Humtaja kijana kwa jina, kwa mama yake, kwa kilima chao na ghuba yao, kisha humuuliza yuko wapi. Huzuni yake ina dai ndani yake, na dai hilo ndilo ninalotaka tulitazame pamoja.

Reli ilifika hapa tarehe 20 Desemba 1901, mji ukiwa bado unaitwa Port Florence. Nyuma yake ikaja kodi ya kibanda, na kodi ilidai fedha ambazo shamba la mtama halikuwa nazo. Vijana wa Nyanza wakaenda kuzitafuta: kwenye chai ya Kericho, bandarini Mombasa, kwenye karakana za reli Nairobi, Kampala ng'ambo ya maji. Vita vya kwanza viliwachukua maelfu kuwa wapagazi wa jeshi, na wengi hawakurudi. Vita vya pili viliwafikisha Burma, na baadhi yao walirudi na gitaa. Hugh Masekela aliifanya treni ya wachimba migodi wa Afrika Kusini kuwa mhusika mkuu wa wimbo wake "Stimela"; ukisikiliza, unasikia chuma kikipumua na kupiga kelele. Huku kwetu treni ilichukua vijana wengi vilevile, lakini wanamuziki wetu hawakuipa nafasi hiyo. Masikio yao yalibaki kwenye boma lililoachwa, na kwa aliyeketi humo.

Hebu tuitazame benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. Gitaa la benga lilijifunza kusema kutoka kwa nyatiti, chombo cha nyuzi nane ambacho mpigaji wake huketi juu ya kigoda kifupi, njuga mguuni, na pete ya chuma katika kidole gumba cha mguu ikigonga ukingo wa chombo. Nyatiti ilipigwa sana matangani, na kazi ya mpigaji ilikuwa kumtaja marehemu na watu wake wote, hadi kila aliyeketi pale ajue amehesabiwa. Katikati ya wimbo mtu husimama, akamsimamisha mpigaji kwa kumtunza, akajisifu yeye na marafiki zake na kwao anakotoka. Desturi hiyo, pakruok, ilihamia kwenye benga na ohangla, muziki wetu wa ngoma, bila kupungua. Ndiyo maana santuri nyingi za miaka ya 1960 na 1970 zimejaa majina: fulani wa Gem aliyeko Nairobi, fulani wa Asembo aliyeko Mombasa, binti wa Alego aliyeolewa mbali. Mgeni huyaona majina hayo kama pambo linaloujaza wimbo, na wahakiki wengine wameyapuuza hivyo. Mimi nasema majina ndiyo wimbo. Santuri ya gramafoni ilikuwa na pande mbili, kila upande dakika chache tu, na benga ndefu ililazimika kukatwa sehemu ya kwanza na ya pili. Hata katika ufinyu huo wa muda mwimbaji alipendelea kupunguza kisa, lakini majina hakuyapunguza.

Hata bendi zilijiita kwa nyumbani. Daniel Owino Misiani alizaliwa Shirati, upande wa Tanzania wa ziwa hili, akaja Kenya kutafuta maisha kwa gitaa, na bendi aliyoiongoza kwa miongo ikaitwa Shirati Jazz. Ochieng Nelly na Collela Mazee wakaiita yao Victoria Jazz. Kijana aliyekuwa peke yake katika chumba cha kupanga, akinunua santuri yenye jina la ziwa lao, alikuwa amepokea mwito uliochapishwa kwenye karatasi ya lebo. Misiani alifariki hapa Kisumu katika ajali ya matatu mwezi Mei 2006. Nyimbo zake za siasa zimeandikiwa mengi. Hizi za kuita zinangoja mwandishi.

Sasa niseme juu ya dai lenyewe. Mwaka 1967 Beatles walitoa "She's Leaving Home", kisa cha binti anayetoroka alfajiri na kuwaachia wazazi barua. Wazazi wanashangaa wamekosea wapi, kwa kuwa walimpa kila kitu. Wimbo huo unaniuma kila ninapousikia, lakini ni wa dunia ambamo kuondoka ni kukata kamba. Kwetu kijana mara nyingi hakutoroka. Alitumwa. Mwaka 1959, Tom Mboya, mwana wa Rusinga, alipofanikisha safari ya kwanza ya ndege iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani, walioondoka waliagwa kwa michango: nauli na matumizi vilikusanywa na jamaa, kanisa na majirani. Anayesafiri kwa ng'ombe wa shangazi yake hasafiri peke yake. Kwa hiyo wimbo unapomuuliza yuko wapi, unamuuliza kwa niaba ya waliomchangia. Hapo ndipo upendo na deni vinapofungamana, na mwimbaji mzuri hajaribu kuvitenganisha. Wako vijana wanaoniambia wimbo wa namna hiyo huwalemea, kwamba kila wanaposikia jina la kijiji chao wanakumbuka karo ya mdogo wao. Naamini wanasema kweli. Wimbo unaoita unaweza pia kubana shingo.

Uzito wa mwito huo ulifika mahakamani. Wakili S. M. Otieno alifariki Desemba 1986, na kwa miezi mitano Kenya nzima ilifuatilia mabishano kati ya mjane wake, Wambui, na ukoo wa Umira Kager kuhusu mahali pa kumzika. Mjane alisema kwao ni Nairobi walikojenga na kulea. Ukoo ulisema mtu anaweza kuwa na nyumba popote, lakini boma huanzishwa kwa taratibu zake: mwana hutoka alfajiri akiongozwa na baba, pamoja na mkewe, jogoo, shoka na moto. Ukoo ulishinda, na Mei 1987 akazikwa Nyalgunga, Siaya. Sitahukumu upya kesi ile. Ila ukizisikiliza hoja za ukoo utatambua kwamba ni zilezile za nyatiti, zikisemwa na mawakili.

Na kuna kuondoka kwa aina nyingine, ambako mwili haujatoka hata hatua moja. Mshairi Okot p'Bitek, mwana wa Gulu, alipopoteza kazi Uganda alikuja kufanya kazi hapa Kisumu, na mwaka 1968 akaanzisha tamasha la sanaa mjini humu. Alikuwa amekwisha kuchapisha Song of Lawino miaka miwili kabla. Lawino anamwita mume ambaye analala nyumba moja naye lakini moyo wake umehamia kwingine. Nafurahi kwamba mtunzi wa sauti hiyo alipata hifadhi kwenye mwambao huu. Watu wa hapa walimwelewa bila mkalimani wa mawazo.

Nimewazungumzia wana. Mabinti je? Hapa lazima niwe mkweli, kwa kuwa hapa ndipo nyimbo zetu zinaponisumbua. Binti alilelewa akijua ataondoka. Usiku alilala na wenzake katika nyumba ya bibi mzee, siwindhe, akajifunza humo hadithi, mafumbo na nyimbo ambazo angezichukua aendako. Kaka yake alijengewa simba, nyumba ya kijana, karibu na lango, na alipokwenda mjini simba ile ilibaki imesimama ikimngoja. Binti hakuachiwa ukuta. Akiolewa, jina la kwao humfuata maisha yote, kwani huko ukweni ataitwa binti wa Gem au binti wa Seme hadi uzeeni; lakini kwa desturi ya zamani, akifa kabla ya kuolewa, kaburi lake lilichimbwa nje ya ua wa baba yake. Akina mama waliyaimba haya katika nyimbo zao za dodo: ukwe, uke wenza, njaa ya kumwona mama. Waliyaimba arusini na penye pombe, na kwa nadra sana mtu alikuja na mashine ya kurekodi.

Binti alipoondoka kwa hiari yake, hakuitwa kwa wimbo. Miaka ya 1940 na 1950 Luo Union, umoja wa Wajaluo wa mijini, ilikuwa na mazoea ya kuwakamata wanawake waliokuwa wakiishi peke yao mijini na kuwarudisha vijijini. Umoja huo ulisomesha watoto na kuwazika wafu, na nauheshimu kwa hilo. Lakini tuseme wazi: mwana aliimbiwa arudi, binti alipakiwa kwenye gari.

Mwanamke aliyeuvunja ukimya huo kwa sauti kubwa kuliko wote ni Princess Jully. Mumewe, Prince Jully, alifariki mwaka 1997, naye akashika uongozi wa bendi, akaimba "Dunia Mbaya" wakati UKIMWI ukiwarudisha vijana wa Nyanza kutoka mijini wakiwa mgongoni mwa wazazi wao. Kijana aliyeitwa kwa miaka mingi alikuwa amerudi, na aliyempokea, akamwogesha na kumlisha, alikuwa mwanamke. Sijui wimbo mwingine wa enzi ile uliotazama kurudi huko ana kwa ana namna hiyo.

Leo mabinti wa Nyalenda, Obunga na Homa Bay wanapanda ndege kwenda Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani, na pesa wanazotuma ndizo zinazojenga simba za kaka zao. Katika ohangla za sasa nasikia majina ya wanaume walioko Marekani na Uingereza, waliotuma pesa kwa simu ili watajwe. Jina la msichana aliyeko Riyadh nalisikia mara chache mno.

Mwaka 2008 Ketebul Music ya Nairobi ilitoa Retracing the Benga Rhythm, kitabu chenye CD na filamu, ikaokoa sehemu kubwa ya historia ya wapiga gitaa. Kazi ya namna hiyo haijafanywa kwa dodo, wala kwa nyimbo ambazo wasichana walioko Ghuba wanajirekodi kwa simu usiku na kuwatumia dada zao. Dada hao wapo mjini humu, na simu zikijaa, sauti hizo zinafutwa. Ninaomba idara yetu ianze kuzikusanya muhula huu, kwa idhini ya wenyewe, na wanafunzi walio tayari kushika kazi hiyo waje kuniona ofisini kesho asubuhi.