Mtoto Aliye Njiani ni wa Nani?

Mada iliyowasilishwa kwenye semina ya walimu wakuu, kamati za shule na wazazi, Dar es Salaam



Niliombwa nizungumzie usalama na afya ya mtoto nyumbani na shuleni. Nimewaomba waandaaji ruhusa ya kuzungumzia zaidi mahali pa tatu, pasipo nyumbani wala shuleni, nayo ni njia. Mtoto wa shule ya msingi wa Mbagala, Gongo la Mboto au Kimara anamuaga mama yake gizani, na mwalimu anamwona mstarini saa moja na nusu. Katikati hapo kuna saa nzima, wakati mwingine zaidi, na akitoka shule kuna saa nyingine. Mzazi anaamini ameshamkabidhi kwa shule. Mwalimu anaamini bado hajakabidhiwa. Nimefundisha shule ya msingi miaka 24, na nikiwakumbuka watoto wetu walioumia vibaya, wengi hawakuumia darasani wala jikoni kwa mama. Waliumia ndani ya saa hizo zisizo na mwenyewe.

Fimbo ya getini

Nianze na jambo ambalo bado linaniuma. Shule niliyokuwa nafundisha ilikuwa kando ya barabara kubwa ya lami, na utaratibu wetu mnaujua: saa moja kengele, geti linafungwa, wachelewaji wanapiga magoti, mwalimu wa zamu amesimama na fimbo. Asubuhi moja mwalimu wa zamu nilikuwa mimi. Mtoto wa darasa la tatu alisikia kengele akiwa bado ng'ambo, akakimbia. Hakutazama kulia wala kushoto, alinitazama mimi. Bodaboda ikamkumba, akavunjika mguu. Alipona, na leo ni kijana mkubwa. Lakini nilipokwenda kumwona wodini, neno lake la kwanza lilikuwa kuniomba msamaha kwa kuchelewa.

Tangu siku ile naamini kwamba adhabu tunayoitoa getini inafanya kazi yake barabarani. Mtoto anayeogopa fimbo hapimi mwendo wa gari. Kanuni za viboko shuleni ni za mwaka 1979, na marekebisho ya mwaka 2002 yalisema viboko visizidi vinne, kwa kosa kubwa, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, tena viandikwe. Kuchelewa dakika kumi si kosa kubwa. Na mara nyingi halikuwa kosa la mtoto hata kidogo. Mnajua hali ya vituoni: nauli ya mwanafunzi ni ndogo kuliko ya mtu mzima, konda ana hesabu ya kupeleka kwa tajiri, basi anasimama mlangoni anasema "denti wawili tu", na watoto kumi wanabaki wakisubiri gari linalofuata. Mwezi wa Julai jua la jiji hili huchomoza saa 12 na nusu imeshapita. Anayetoka nyumbani saa 11 na nusu ili awahi usafi wa mazingira anatembea gizani, akiwa amevaa sweta la bluu ambalo dereva halioni.

Pendekezo langu la kwanza halihitaji shilingi. Geti libaki wazi asubuhi. Anayechelewa aandikwe, aulizwe kwa upole kwa nini amechelewa, aende darasani. Anayechelewa kila siku aitiwe mzazi, maana huyo anatuletea habari ya nyumbani kwake au ya njia yake.

Barabara inaweza kurekebishwa

Shirika la Afya Duniani limesema kwa miaka kadhaa sasa kwamba ajali za barabarani ndizo zinazoua zaidi watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29. Jibu letu la kawaida ni kuwafundisha watoto: tazama kulia, kushoto, kulia tena. Tuendelee kuwafundisha. Ila tusijidanganye kwamba hilo linatosha. Mtoto wa miaka saba hawezi kukadiria vizuri mwendo wa gari linalomjia, si kwa utundu, bali kwa sababu uwezo huo bado haujakomaa. Na kimo chake ni kifupi. Gari likiegeshwa pembeni, yeye haoni na haonekani. Tukimtwisha mtoto mzigo wote wa kujilinda, tumemtwisha asichokiweza.

Mfano wa njia nyingine tunao hapa hapa Dar es Salaam. Mwaka 2012 shirika la Amend lilianza kukagua maeneo yanayozunguka shule za msingi ambako watoto wengi walikuwa wanagongwa. Wakaguzi waliwauliza watoto wanapita wapi na waliumia wapi, wakatembea nao, wakatazama kona kwa kona. Kisha zikafanyika kazi ndogo ndogo: njia ya miguu pembeni mwa barabara, matuta, kivuko cha pundamilia, vibao, nguzo fupi za kuzuia pikipiki zisipande njia ya watoto. Penye geti linalofunguka moja kwa moja kwenye barabara yenye magari mengi, geti likahamishiwa upande wa uchochoro. Utafiti uliolinganisha shule zilizofanyiwa kazi hiyo na ambazo bado, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta majeraha ya barabarani kwa watoto yamepungua kwa asilimia 26. Mwaka huo huo mradi ulipata Tuzo ya Ross ya miji, inayotolewa na World Resources Institute, ukishindana na miradi ya miji mikubwa duniani.

Hapo kwenye kuhamisha geti nawaomba msimame kidogo. Kazi hiyo ni ya fundi mmoja, tofali kiasi na uamuzi wa kikao kimoja cha kamati ya shule. Ni shule ngapi zetu zina uchochoro nyuma, na geti bado linatazama lami kwa sababu tu ndivyo lilivyojengwa mwanzo?

Pasipo na uchochoro, tutahitaji matuta na kivuko, na hapo kamati nyingi hukata tamaa kwa kuwa barua zao hazijibiwi. Niseme jambo dogo la kiofisi. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS. Za mitaa ziko chini ya TARURA. Barua iliyopelekwa pasipo pake hulala kwenye faili. Ipitie serikali ya mtaa na kwa diwani, iambatane na picha na mchoro, itaje mahali hasa na saa hasa, na nakala iende kwa polisi wa usalama barabarani. Wakati mnasubiri, ombeni trafiki asimame pale asubuhi. Kisheria mwendo wa maeneo ya makazi ni kilomita 50 kwa saa. Mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm Februari 2020 ulitaka usizidi 30 mahali watu wa miguu na magari wanapochanganyika. Mbele ya geti la shule, mimi niko upande wa hiyo 30.

Ramani walizochora watoto

Baada ya ajali niliyoisimulia, tulijaribu kitu. Kila mtoto wa darasa la nne hadi la sita alipewa karatasi achore njia yake kutoka mlangoni kwao hadi darasani, na kwa penseli nyekundu aweke alama mahali anapoogopa. Tulitarajia magari, na magari yalikuwepo. Lakini nyekundu nyingine zilitutia simanzi. Pagale ambalo wanaume wanakaa wakivuta bangi. Kilabu cha pombe kinachofunguliwa asubuhi. Shimo la choo lisilofunikwa. Daraja la magogo juu ya mtaro ambalo wakati wa masika maji hupita juu yake. Mbwa wa jirani. Na msichana mmoja wa darasa la sita alichora pikipiki, akaipaka yote nyekundu, hakuandika neno.

Tulimwita pembeni, mwalimu mwanamke peke yake, bila haraka. Kijana wa bodaboda alikuwa akimpa lifti kwa wiki kadhaa, na biskuti, na sasa ameanza kumwambia wapitie kwake. Tulimwahi. Ndugu zangu, utafiti wa kitaifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliotolewa mwaka 2011, uliwahoji vijana wa miaka 13 hadi 24. Karibu wasichana watatu kati ya kumi walisema walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa wavulana, karibu mmoja kati ya saba. Na katika wasichana waliopatwa, karibu robo walisema lilitokea wakiwa njiani kwenda au kutoka shule. Tumezoea kuuliza nani yuko nyumbani na mtoto. Hatuulizi nani yuko naye njiani.

Marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016 yaliweka kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba. Sheria hiyo ni kali, lakini inafika mtoto akiwa ameshaumia. Lifti na biskuti hutangulia kwa wiki au miezi, hadharani, na watu wanaona. Mama wa vitumbua anaona. Fundi cherehani anaona. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii yeyote anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya mtaa wake. Dawati la Jinsia na Watoto lipo kwenye vituo vya polisi, na namba 116 hupigwa bila malipo. Mama wa vitumbua anayajua haya? Je, tumewahi kumkaribisha kwenye kikao cha shule, yeye anayewaona watoto wetu kila asubuhi kabla yetu?

Sisi tulimkaribisha. Tulipopanga watoto watembee kwa makundi ya mtaa, mpango wa kwanza wa wazazi wa zamu ulikufa ndani ya wiki mbili. Wazazi wa kwetu wanaondoka saa 11 alfajiri kwenda Ferry, Ilala na Kariakoo. Zamu wataifanya saa ngapi? Mpango ulisimama pale tulipowafuata waliopo mtaani saa ile: bibi wawili, mzee aliyestaafu reli, na huyo mama wa vitumbua aliyehamisha meza yake hatua chache ili aone kivuko. Kila kundi lilikuwa na mtoto mkubwa mbele na mkubwa nyuma, na wadogo katikati.

Tumbo, na daftari la mahudhurio

Mengi ya afya mnayajua, sitayarudia yote. Nitaje mawili yanayotokea kwenye njia hii hii. Mtoto anatoka alfajiri bila kunywa hata chai, na chakula chake cha kwanza ni muhogo wa kukaanga na barafu ya kwenye mfuko, getini, saa nne. Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walielewa kwamba hata mchango wa chakula umefutwa, ilhali waraka wa mwaka huo ulibakiza chakula cha mtoto mikononi mwa mzazi. Kikombe cha uji shuleni kinawezekana pale hesabu ya mahindi na sukari inapobandikwa ukutani kila mwezi, kila mtu aisome. Nimeona michango ikifa kwa kukosa karatasi hiyo moja.

Wauzaji wa getini msiwafukuze. Ukiwafukuza watahamia ng'ambo ya barabara, na watoto watawafuata huko. Waandikeni, afisa afya awapime, wawe na chakula kilichofunikwa na maji yaliyochemshwa. Kipindupindu kilichoanza jijini Agosti 2015 kilitufundisha barafu inatengenezwa kwa maji gani. Na ndani ya geti iwepo ndoo yenye koki na sabuni, mtoto anawe kabla ya kununua.

La pili ni daftari la mahudhurio. Mwalimu anaweka alama ya kutokuwepo saa mbili asubuhi, na alama ile inakaa kwenye daftari hadi mwisho wa mwezi. Mama anajua mtoto yuko shule. Mwalimu anadhani mtoto anaumwa. Kumbe mvulana yuko kwenye dimbwi la machimbo ya mchanga anaogelea na wenzake, au binti amekaa kwenye chumba cha mtu. Kwenye shule zenye mikondo miwili, ya asubuhi na ya mchana, pengo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu mtoto ana nusu siku ambayo kila upande unadhani yuko kwa mwingine. Tunachotaka ni ujumbe mfupi kabla ya saa tatu: "Mwanao hajafika, yuko nyumbani?" Wazazi wenye simu janja wana kundi la WhatsApp; wasio nayo, mjumbe wao yupo. Najua mwalimu mwenye watoto 100 darasani hawezi kupiga simu zote. Kiranja aandike majina, mjumbe wa kamati atume. Vocha iwekwe kwenye bajeti ya shule kama chaki inavyowekwa.

Ndugu Mwenyekiti, baada ya chai tutakaa kwa vikundi. Nimeleta karatasi nyeupe na penseli nyekundu za kutosha. Naomba kila shule ichore njia kutoka getini kwake hadi kituo cha daladala kilicho karibu, kwa kukumbuka tu. Halafu karatasi ya pili, tupu, mwondoke nayo. Jumatatu saa 12 asubuhi, mwalimu mmoja na mzazi mmoja watembee njia hiyo pamoja na mtoto wa darasa la pili, nyuma yake, kwa mwendo wake yeye, wachore upya. Nitashukuru kuziona karatasi zote mbili.