Kadi Ngumu Kughushi, Kosa Gumu Kufuta

(Hotuba ya Siku ya Wakimbizi Duniani, Juni 20)



Zamani picha ya kadi ilibandikwa kwa gundi. Mwizi alitia wembe, akaibandua, akabandika yake. Siku hizi kadi bora huchomwa picha kwa miale ya leza, ndani ya matabaka ya plastiki yaliyoshikamanishwa kwa joto. Ukikwangua, kadi inaharibika na hila inaonekana.

Hapa Juba, Januari 2012, Sudan Kusini ilizindua pasipoti yake ya kielektroniki na kitambulisho cha uraia. Kwetu wakimbizi, UNHCR ilianza mwaka 2015 kueneza mfumo unaohifadhi alama za vidole kumi na mboni za macho yote mawili. Kadi ikiibwa, vidole vyako vinabaki.

Lakini kinga hiyo haichagui. Jina likiandikwa vibaya, au umri wa mtoto ukikosewa, kosa nalo linafungiwa ndani. Basi soma kabla ya kutia kidole. Usiyejua kusoma, mwite jirani unayemwamini. Nawe karani, tafadhali, litamke jina kwa sauti, mwenyewe alisikie.